Ngorongoro na Watu Wake wa Kalamu na Shanga

Barabara inayotoka Makuyuni ikishaupita mji wa Mto wa Mbu huanza kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa kwa kona kali. Chini, mkono wa kushoto, Ziwa Manyara linang'aa, na nyani wamekaa pembeni mwa lami wakitazama magari yanavyohangaika na mlima. Ukifika juu, nchi ni nyingine. Joto la bondeni limekwisha, upepo una ubaridi, udongo ni mwekundu, na mashamba ya mahindi, ngano na mbaazi yametandaa juu ya vilima mpaka yanapokutana na msitu. Ukishaipita Rhotia umeingia Karatu, kilomita 140 hivi kutoka Arusha mjini, lami mwanzo hadi mwisho.

Wageni wengi huuona mji huu kupitia dirisha la gari. Hulala usiku mmoja, huamka alfajiri kuwahi geti la Loduare, hushuka kreta, hupiga picha za simba, basi, safari imekwisha. Ninaandika makala haya kumsihi msomaji akae zaidi. Nchi hii ina wanyama ambao dunia nzima inawajua, lakini ina pia watu wanaotengeneza vitu kwa mikono yao, na imezaa mwandishi aliyeisimulia ughaibuni kwa jina lake mwenyewe. Anayeondoka bila kuwafahamu watu hao ameiona nusu tu ya Ngorongoro.

Mwandishi huyo ni Tepilit Ole Saitoti. Alizaliwa mwaka 1949 katika jamii ya wafugaji wa Kimaasai wa upande huu wa nchi, akachunga ng'ombe, akapelekwa shule, kisha akaajiriwa hifadhini Serengeti. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 shirika la National Geographic lilimfanya mhusika mkuu wa filamu iliyoitwa *Man of the Serengeti*. Baada ya hapo milango ya ng'ambo ikafunguka. Alikaa Ujerumani, akavuka kwenda Marekani, akasoma Chuo cha Emerson mjini Boston na baadaye Chuo Kikuu cha Michigan, alikojifunza usimamizi wa maliasili. Mwaka 1980 kilitoka *Maasai*, kitabu kikubwa chenye maneno yake na picha za Carol Beckwith. Mwaka 1986 kikatoka *The Worlds of a Maasai Warrior*, tawasifu yake. Hicho ndicho kitabu nilichokuwa nacho mkobani nilipopanda mlima ule, na ndicho kilichoniongoza kuliko ramani yoyote.

Kukisoma kitabu hicho Karatu ni raha ya pekee, kwa sababu nje ya dirisha unayaona yale yale yaliyomo kurasani: morani na fimbo yake, ng'ombe wakivushwa barabara, ukungu ukishuka kutoka Mlima Oldeani. Mwandishi aliyeko ugenini ana kazi ngumu. Msomaji wa Boston au wa Frankfurt anamjia akiwa na Afrika yake tayari kichwani, Afrika ya simba na nyika tupu, na mwandishi lazima aiweke kando kwa upole ndipo aweke ya kwao. Saitoti alilifanya hilo kwa kusimulia mambo ya nyumbani: baba, mama, ng'ombe, jando, hofu ya kijana anayesubiri kisu mbele ya macho ya ukoo mzima. Simulizi yake ya jando imechapwa tena katika vitabu vingi vya kiada vya vyuo vya Marekani. Vijana wengi wa huko ambao hawatakanyaga Tanzania wamejifunza uandishi kwa maneno ya mtoto wa Kimaasai.

Karatu yenyewe ni mji wa mikono mingi. Wenyeji wengi ni Wairaqw, wakulima hodari wenye lugha ya asili ya Kikushi. Majirani zao Wamaasai na Wadatoga ni wa Kinilo, Wabantu wamejaa mjini kwa biashara na kazi, na kando ya Ziwa Eyasi wako Wahadzabe, wawindaji na waokota matunda ambao lugha yao yenye sauti za vidoko vya ulimi haijapata ndugu wa uhakika popote. Ni sehemu chache sana za Afrika ambapo jamii zenye asili tofauti kiasi hiki huishi umbali wa saa chache za mwendo wa gari.

Ukitaka kuwaona wote mahali pamoja, uliza siku ya mnada. Mnada wa Karatu huwa kwa tarehe maalumu za mwezi, na siku hiyo mji huhamia uwanjani. Ng'ombe na mbuzi huko, mitumba huku, vyungu, vikapu, visu, vitunguu vya Mang'ola kwa magunia, na moshi wa nyama choma juu ya kila kitu. Mafundi wa katambuga hukaa chini na marundo ya matairi yaliyochakaa. Fundi huweka mguu wako juu ya kipande cha tairi, huuzungushia mstari wa chaki, hukata kwa kisu alichokinoa mpaka kimekonda, hupigilia kanda kwa misumari mifupi, na kabla hujamaliza soda yako umevaa viatu vya kukupeleka miaka. Nimeona viatu vya bei kubwa madukani ambavyo havina uaminifu huo.

Ukipata mwenyeji wa Kiiraqw akukaribishe nyumbani, muulize habari za sketi za ngozi za zamani. Wasichana waliokuwa katika mafunzo ya unyago, marmo kwa lugha yao, walizishona kwa mkono na kuzinakshi kwa maelfu ya shanga ndogo, kila mmoja kwa ubunifu wake. Sasa nyingi za sketi hizo zimo katika makumbusho. Lakini ustadi huo haujafa. Utauona katika vikapu, katika vibuyu vilivyochorwa kwa moto, na katika subira ya akina mama wanaokaa nyuma ya bidhaa zao bila kukuvuta mkono.

Kutoka mjini, njia ya kusini-magharibi inashuka kwenda Mang'ola na Ziwa Eyasi. Hapo ndipo nilipokaa mbele ya mhunzi wa Kidatoga, chini ya mti, nikamtazama mpaka jua likahama. Mafuta na mtambo hana. Kijana wake anasukuma viriba viwili vya ngozi ya mbuzi, mkono huu na mkono ule, hewa inapita katika bomba na mkaa unageuka mweupe. Ndani ya kikombe kidogo cha chuma mhunzi ametia vipande vya bomba la maji lililovunjika na makufuli mabovu. Vinaposhindwa na moto, huviinua kwa koleo, humimina kile kinachong'aa katika mfereji wa chuma, na baada ya muda hutoa ufito wa shaba ya njano. Ufito huo huugonga, huupinda, huuchora alama kwa patasi nyembamba, kisha huusugua kwa mchanga. Kufuli lililokuwa takataka sasa ni bangili. Pembeni yake kuna ncha za mishale alizozifua kwa misumari. Hizo ni za Wahadzabe, ambao tangu zamani hubadilishana na wahunzi hawa kwa asali na ngozi. Nilinunua bangili ikiwa bado ina joto. Sina kitu nilichokinunua kwa furaha kuliko hicho.

Kisha ni zamu ya mlima. Kutoka Karatu hadi geti la Loduare ni mwendo mfupi, na baada ya geti msitu unafunga, ukungu unaning'inia kwenye matawi. Unapanda mpaka ukingoni, mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, na kama Mungu ameondoa mawingu, kreta yote iko miguuni pako. Volkano kubwa iliporomoka ndani ya tumbo lake miaka zaidi ya milioni mbili iliyopita, ikaacha bakuli lenye kina cha mita 600 na sakafu ya kilomita za mraba 260 hivi. Ziwa Magadi linaonekana kama kipande cha kioo, msitu wa Lerai ni doa la kijani, na zile nukta nyeusi, ukizitazama vizuri, zinatembea. Ni nyati.

Hapo ukingoni kuna kaburi la Wajerumani wawili, baba na mwana. Michael Grzimek alikufa Januari 1959 akiwa na miaka 24, ndege yake iliyopakwa milia ya pundamilia ilipogongana na tai. Alikuwa akiwahesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani pamoja na baba yake, Bernhard, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Baba alimaliza kitabu na filamu yao, *Serengeti darf nicht sterben*. Filamu ilipata tuzo ya Oscar, kitabu kikatafsiriwa katika lugha nyingi, na Bernhard akatumia kipindi chake cha televisheni kuinadi nchi hii na kuichangishia fedha kwa miaka mingi. Alipofariki mwaka 1987, majivu yake yaliletwa hapa, akalazwa kando ya mwanawe. Upendo wa namna hiyo unastahili heshima, na anayepita asimame.

Lakini kitabu cha Bernhard kiliamini kwamba nyika salama ni nyika isiyo na watu. Mwaka ule ule wa 1959 Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lilianzishwa, na Wamaasai waliotolewa Serengeti wakaletwa huku kwa ahadi kwamba hapa watu, mifugo na wanyamapori wataishi pamoja. Saitoti alikuwa mtoto wa miaka kumi. Mwaka 1974 maboma ya mwisho yaliondolewa ndani ya kreta, na tangu 2022 familia nyingi zimehamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Mjadala wa hayo ni mkubwa na una uchungu. Ndiyo maana nasema kaburi la Grzimek lisomwe pamoja na kitabu cha Saitoti. Wa kwanza aliwapenda wanyama wa hapa, wa pili aliandika kama mtu ambaye wanyama hao ni majirani zake. Nchi hii inawahitaji wote wawili, na wa pili ameisubiri zamu yake kwa muda mrefu.

Kushuka kreta sihitaji kukushawishi. Utawaona nyumbu na pundamilia wakila pamoja, viboko katika kidimbwi cha Ngoitokitok, tembo dume wenye pembe ndefu, na ukibahatika, kifaru mweusi akitembea peke yake kwenye majani. Twiga usimtafute, hakai humo. Ukipata siku ya ziada, nenda Olduvai, ambako Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus Julai 1959, ukaone kwamba mkono wa binadamu umekuwa ukichonga mawe katika nchi hii kwa karibu miaka milioni mbili. Ufundi hapa ni mkongwe kuliko sisi wenyewe.

Na usirudi bila kukaa na akina yeyo, yaani akina mama wa Kimaasai. Mmoja aliyenipokea alikuwa na shanga katika sahani ya bati, zimetengwa kwa rangi: nyekundu, nyeupe, buluu, kijani, chungwa. Shanga hizo za kioo zilianza kuja kwa wingi kutoka Ulaya katika biashara ya karne ya 19, na Wamaasai wakazifanya zao kabisa. Yeyo hapimi kwa rula. Anachota shanga kwa ncha ya waya wenyewe, kumi kwa mara moja, anaupinda waya duara, na kila baada ya nafasi fulani anapitisha kipande chembamba kinachozishika safu zisiachane. Zamani kilikuwa cha ngozi, siku hizi hukatwa katika dumu la plastiki. Nilipomuuliza kwa nini nyekundu inakaa na nyeupe hapo, alicheka akaniambia, "Mwanangu, ukiweka nyingine, watu watajua hujafundishwa." Nilimlipa bei aliyoitaja. Kupunguziwa shilingi elfu mbili kwenye kazi ya siku tatu si ujanja.

Kitabu cha Saitoti kiliandikwa kwa Kiingereza, kwa wasomaji wa mbali. Natamani kukiona kwa Kiswahili juu ya meza za mnada wa Karatu, kando ya bangili na vikapu. Jambo hilo linawezekana. *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyeishi Uingereza tangu ujana na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, ilirudi nyumbani mwaka 2022 ikiwa *Peponi*, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis na uchapaji wa Mkuki na Nyota. Mwandishi wa Ngorongoro anastahili safari hiyo hiyo ya kurudi.

Kwa hiyo, msomaji, nenda. Kwa raia wa Afrika Mashariki kiingilio hutozwa kwa shilingi na ni kidogo mno kuliko cha mgeni. Nenda Juni hadi Oktoba ukitaka ukavu, au baada ya mvua ukitaka kijani, na usisahau sweta, maana usiku wa ukingoni ni baridi kweli. Lala Karatu siku kadhaa, unywe kahawa iliyochumwa kwenye miteremko ya Oldeani, uulize siku ya mnada. Unaponunua, nunua kwa aliyetengeneza, umuulize jina na ulihifadhi pamoja na kitu chake. Simba wa Ngorongoro wana wasimulizi wengi duniani. Mhunzi wa Eyasi, yeyo wa shanga na mtoto wa wafugaji aliyeandika kitabu Marekani wanakuhitaji wewe uwataje.