Neno Haswell: kisa cha maktaba niliyomwekea dada

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, na sababu si uvivu peke yake. Kuna kisa kimoja kilichonitia aibu, nami nimeona heri nikiandike mwenyewe kabla dada yangu hajakisimulia. Kinahusu kukompaili maktaba ya hesabu kutoka msimbo wake asilia. Kama hujawahi kufanya jambo hilo usitoroke, nitaeleza polepole.

Dada yangu ni mwalimu wa hisabati katika shule moja ya upili karibu na Voi. Mimi ndiye kitinda mimba. Nilipokuwa chuoni nikisomea sayansi ya kompyuta, karo yangu ya miaka miwili ilitoka kwenye mshahara wake. Hajawahi kunikumbusha jambo hilo, na labda ndiyo maana silisahau. Sasa zamu ya kusoma ni yake. Anafanya shahada ya uzamili wakati wa wikendi na likizo, na tasnifu yake inahusu mvua za vuli katika eneo la Pwani. Anatumia takwimu za CHIRPS, ambazo huchanganya vipimo vya setilaiti na vya ardhini tangu mwaka 1981, kwa vipande vya mraba vya takriban kilomita 5 kwa 5. Yeye ana vipande 3000 hivi. Programu aliyoandika kwa R inalinganisha kila kipande na kila kingine, kwa hivyo anapata matriksi ya safu 3000 kwa 3000. Hizo ni namba milioni 9, karibu megabaiti 72 za kumbukumbu.

Sasa tazama mashine yenyewe. Ni kipakatalishi cha mwaka 2010, Core i5 ya kizazi cha kwanza, gigabaiti 4 za kumbukumbu, nilichomwekea Ubuntu mimi mwenyewe. Jaribio moja lilichukua sekunde 70, naye alihitaji majaribio 400. Piga hesabu: ni karibu saa 8. Alikuwa akiianzisha usiku na kwenda kulala. Stima ikipotea, betri inashika dakika ishirini tu, kisha kila kitu kinaanza upya. Wiki ile stima ilipotea usiku mara tatu, na msimamizi wake alitaka marekebisho kufikia Jumanne iliyofuata.

"Wewe si ndiye mtaalamu," akaniambia kwa simu. "Hakuna dawa ya huku kujikokota?"

Nikamwambia dawa ipo, tena ni rahisi, na Jumamosi nitaileta mwenyewe.

Kwa wale msiojua, R kwa kawaida haizidishi matriksi kwa mikono yake. Inaituma kazi hiyo kwa maktaba inayofuata mapatano yanayoitwa BLAS. Mapatano hayo yalichapishwa mara ya kwanza mwaka 1979, kwa ajili ya lugha ya Fortran. Kila kazi ina jina lake. Kuzidisha matriksi mbili, kwa mfano, kunaitwa dgemm, jina lililoongezwa katika awamu ya tatu ya mwaka 1990. Anayeandika maktaba ana uhuru wa kuipika kazi hiyo atakavyo, mradi jina na majibu yabaki yale yale. Kuna BLAS ya mfano, ambayo ni sahihi na inasomeka vizuri lakini inatambaa. Kuna nyingine iliyoandikwa na Kazushige Goto, mtu aliyepata sifa kwa kupanga amri za prosesa moja moja kwa mkono. Kutokana na kazi yake ilizaliwa OpenBLAS mwaka 2011, na hiyo ndiyo dawa niliyoikusudia.

Tofauti ya kasi inatoka wapi? Kuzidisha matriksi mbili za 3000 kwa 3000 kunahitaji shughuli bilioni 54, uwe unatumia maktaba gani. Ila prosesa hungoja namba zitoke kwenye kumbukumbu kuu, na huko ni mbali. Fikiria unapika, na kila ukihitaji kitunguu kimoja unatoka mbio hadi kwa mama mboga, unarudi, unakikata, kisha unatoka tena kwenda kutafuta nyanya. Ndivyo ilivyo ile BLAS ya mfano. OpenBLAS hununua kikapu kizima, inakiweka kwenye kache karibu na prosesa, na hairudi sokoni mpaka kikapu kiishe. Zaidi ya hapo, inatumia visu maalumu vya kila aina ya prosesa. Prosesa za Intel za Haswell, zilizotoka mwaka 2013, zina amri za AVX2 na FMA ambazo huchukua namba nne kwa pamoja, kuzizidisha na kuzijumlisha, yote kwa amri moja. Shikilieni hapo kwenye Haswell.

Ijumaa jioni nikiwa Nairobi nilipakua kifurushi cha OpenBLAS, nikakifungua na kuandika neno moja tu:

make

Kama hujawahi kuona maktaba ya hesabu ikikompailiwa, ni sinema. Mistari inamiminika kwenye skrini, feni inalia kama mashine ya kusaga mahindi, na wewe unakaa nyuma umekunja mikono kana kwamba unafanya kazi ngumu. Baada ya dakika kumi hivi ilimaliza, ikajifanyia vipimo vyake, vyote vikapita. Nikanakili maktaba kwenye flashi pamoja na kile kifurushi asilia, kisha asubuhi nikapanda treni.

Kule Voi mambo yalikwenda haraka mno. Niliweka faili yangu ndani ya /usr/local/lib, nikaondoa kiungo cha libblas.so.3 cha mfumo, na kuweka kingine kinachoelekea kwenye maktaba yangu. Nikafungua R. Ikafunguka. Nikamwambia dada, "Tayari." Walimu wenzake wawili walikuwa sebuleni, wakanisifu, nami nikakubali sifa zote pamoja na chapati. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi tembo langu lilikuwa na maji hata kabla ya kusifiwa, kwa sababu kufungua R si kuzidisha matriksi. Sikuzidisha hata moja.

Jumapili usiku, nikiwa nimesharudi Nairobi, simu ikalia.

"Imekufa," dada akasema. "Nikianzisha tu, inanitupa nje."

Sasa sikilizeni nilichomjibu mtu aliyenilipia karo: "Umegusa nini?"

Kimya. Kisha akasema taratibu, kama anavyosema na mwanafunzi, "Sijagusa kitu. Imeandika Illegal instruction."

Nilijua maana yake papo hapo, na tumbo likaniuma. Ujumbe huo si wa R wala wa Ubuntu. Unatoka chini kabisa: prosesa imepewa amri isiyoijua, nayo imekataa. Lakini nilikuwa nimeshaanza kujitetea, nikamwambia huenda flashi iliharibu faili. Nikamwomba aandike ls /usr/local/lib anisomee anachokiona. Akasoma herufi kwa herufi: libopenblas, kistari cha chini, haswellp...

"Haswell ni nini?" akauliza.

"Ni aina ya prosesa."

"Ndiyo yangu?"

Mwalimu wa hisabati, asiyewahi kukompaili chochote, alisoma jina la faili akauliza swali ambalo mimi mwenye shahada sikujiuliza. OpenBLAS ikikompailiwa bila maelekezo huitazama prosesa iliyopo, hujishona kwa vipimo vyake, na hata hujiandika jina hilo kwenye faili. Yangu ni Haswell. Yake ni ya ukoo wa Nehalem, isiyojua AVX2 wala FMA. Vile vipimo vilivyopita Ijumaa vilipita kwenye mashine yangu, na vilichothibitisha ni kwamba maktaba ilinifaa mimi. Nilikuwa nimemshonea dada nguo kwa kujipima mwenyewe.

Nikamwomba msamaha. Kwanza kuhusu "umegusa nini", kisha kuhusu maktaba.

Tulikuwa na usiku huo na Jumatatu. Kazi ya kwanza ilikuwa kurudisha alichokuwa nacho, maana hata ile BLAS inayotambaa nilikuwa nimemnyang'anya. Bahati nzuri faili ya zamani ilikuwapo bado. Kiungo tu ndicho nilichokiharibu. Nikamsomea amri hii kwa simu:

sudo ln -sf /usr/lib/x86_64-linux-gnu/blas/libblas.so.3 /usr/lib/x86_64-linux-gnu/libblas.so.3

Jaribu kumsomea mtu hiyo kwa sauti. "Mkwaju, usr, mkwaju, lib, mkwaju, x themanini na sita, kistari cha chini..." Mara mbili tulikosea, ya tatu ikakubali. R yake ikarudi, ikijikokota lakini hai.

Kazi ya pili ilikuwa kukompaili upya, safari hii pale maktaba itakapoishi. Kifurushi asilia kilikuwa kwenye flashi niliyoiacha mezani kwake, na kompaila za C na Fortran ziliingia zamani tulipoweka R, kwa hivyo hakuhitaji kununua data. Akafungua kifurushi, akaandika make, akaniwekea simu karibu na feni nisikie inavyolia. Dakika ishirini baadaye stima ikapotea Voi.

Hapa nilijua jambo moja la kumpa moyo. Programu ya make hutazama saa ya kila faili, na faili iliyokwisha kukompailiwa haiigusi tena. Nikamwambia aisimamishe kwa Ctrl na C, azime, alale. Stima ilirudi alfajiri. Akaandika make tena, na kazi ikaendelea pale ilipoachwa. Programu yake mwenyewe ilikuwa haijui kufanya hivyo, nasi tuliongea kidogo kuhusu kuhifadhi matokeo kila baada ya majaribio kumi. Ushauri huo nilipaswa kumpa miezi mingi kabla, bila kukompaili kitu.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ilimaliza. Faili sasa iliitwa libopenblas_nehalemp. Safari hii hatukugusa mfumo. Aliiweka kwenye folda yake ya nyumbani na kuifungulia R peke yake:

make PREFIX=$HOME/openblas install
LD_PRELOAD=$HOME/openblas/lib/libopenblas.so R

Mstari wa pili unamaanisha: kwa R hii tu, tumia maktaba hii kwanza. Ikikataa, unafunga dirisha na hakuna kilichoharibika. Akaendesha jaribio moja. Sekunde 6.

"Ngoja," akasema. Nilidhani atashangilia, kumbe alikuwa akilinganisha majibu na yale ya zamani. "Tarakimu ya 13 baada ya nukta si ile ile. Ipi ya kweli?"

Swali zuri hilo. Tarakilishi hubeba tarakimu 15 au 16 tu za kila namba, hivyo kila hatua hukata mkia kidogo. Ukibadilisha mpango wa kujumlisha, mikia inayokatwa inabadilika pia. OpenBLAS hujumlisha kwa vikundi, ile ya mfano hujumlisha kwa foleni. Majibu yote mawili ni makadirio ya jibu moja, na kwa mvua inayopimwa kwa milimita tofauti hiyo haina uzito. Aliridhika, akaiandika katika tasnifu kama maelezo ya mstari mmoja. Mimi nisingelinganisha.

Majaribio 400 yalichukua dakika 40. Alifundisha vipindi vyake, jioni akachora ramani, na Jumanne akawasilisha.

Ningeishia hapa nionekane nimejikomboa. Lakini Jumatano nilimsimulia mwenzangu kazini, naye akaniuliza, "Mbona hukuandika tu sudo apt install libopenblas0?"

Nilinyamaza. Kifurushi hicho kipo kwenye Ubuntu, na kimekompailiwa kwa DYNAMIC_ARCH, yaani maktaba moja yenye visu vya prosesa nyingi ndani yake, inayochagua inapoanza. Kingefanya kazi kwa dada tangu Jumamosi, kwa data kidogo tu. Nilijua kipo. Nilitaka tu aone mistari ikimiminika. Alinilipia karo nami nilitaka kumwonyesha kitu kinachofanana na karo hiyo.

Bado nawashauri mkompaili maktaba kutoka msimbo, angalau mara moja, kwa sababu bila kufanya hivyo nisingeujua uhusiano wa maktaba na prosesa. Lakini anzeni na haya. Andika lscpu kwenye mashine itakayotumia maktaba, sio yako. Kama ni mashine nyingi, tumia make DYNAMIC_ARCH=1, na uwe na subira maana inachukua muda zaidi. Weka kazi yako kwenye folda yako mpaka uiamini. Ndani ya R andika sessionInfo() uone ni BLAS ipi inayotumika kweli. Na kabla hujasema "tayari", zidisha matriksi moja.

Dada sasa ameniwekea jina kwenye rununu yake. Nikipiga simu, skrini inaonyesha Haswell.