Tulianza na Ngeli

Tunaota kazi ya kuandaa mitaala. Muhtasari wetu wa kwanza, wa darasa la watoto la Jumamosi hapa London, ulianza na jedwali la ngeli. Watoto wakanyamaza. Mmoja akauliza: "Nimwambieje bibi kwamba nimemkumbuka?" Jedwali halikuwa na jibu.

Tulimkumbuka Profesa Farouk Topan. Kabla ya kufundisha SOAS, alianzisha somo la fasihi ya Kiswahili chuoni Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, likifundishwa kwa Kiswahili chenyewe. Njia haikuwa imefyekwa.

Nasi tukafuta, tukaanza upya na simu kwa bibi: shikamoo, hujambo, nimekukumbuka. Ngeli zikafuata zenyewe. Wanachama wenzetu, kabla ya kuandika mtaala, msikilizeni mwanafunzi.