Mama, Mwana na Tope la Mukono: Stori ya Mwanamieleka wa Gehandu

Wadau wa mieleka mnajuana. Wale ambao Aprili 2014 mlipoteza hamu ya chakula kwa sababu Undertaker, aliyekuwa ameshinda WrestleMania mara 21 bila kufungwa hata moja, kalala chini mbele ya Brock Lesnar, stori hii ni yenu. Na nyie mnaosema "si wanaigiza tu wale", msikimbie, mtafikiwa.

Gehandu, huku Manyara, kuna kijana mmoja wa miaka 22. Jina linawekwa pembeni, na lile la ulingoni pia, maana vijiji vya huku kila mtu anamjua mwenzake. Kamaliza form four, matokeo yakawa yale ya kufichwa, sasa anaendesha bodaboda ya mtu na kila jioni anapeleka hesabu kwa tajiri. Simu yake kioo kimepasuka lakini bando halikosekani. Ukimuuliza anaangalia nini, hatakwambia John Cena. Atakwambia Mukono.

Mukono ni mji wa Uganda, mashariki mwa Kampala. Huko kuna kundi linaitwa Soft Ground Wrestling, lilianza 2023. Mwanzilishi wake ni Daniel Bumba, wengi wanamwita Bumbash, jamaa aliyependa mieleka ya kwenye TV tangu utotoni, na baadaye akawa anaitafsiri kwa Kiganda ili watazamaji wa kwao waielewe. Kazi ya mdomo ikamchosha, akataka kuona Waganda wenyewe wanarushana. Tatizo lilikuwa ulingo. Ulingo wa kweli wenye mbao, springi na turubai ni hela ndefu. Basi wakachimbia mianzi, wakazungushia kamba, chini wakamwaga maji kwenye udongo mpaka ukawa tope laini. Ukidondoka unazama badala ya kuvunjika. Ndiyo maana ya hilo jina, ardhi laini.

Video zikaanza kusambaa. Wasichana wamo, tena wanarusha watu kuliko wanaume wengine. Vijana waliokuwa hawana mbele wala nyuma wamepata pa kulala na kitu cha kuamkia. Dunia nzima ikacheka kwanza, halafu ikaacha kucheka.

Kijana wa Gehandu alipoziona akaweka hesabu yake nyingine, ya siri. Buku mbili leo, buku tatu kesho, mpaka zikafika laki mbili na themanini. Njia ameshaikariri: Katesh hadi Singida, Singida hadi Nzega, Mwanza, azunguke ziwa hadi Bukoba, Mutukula avuke mpaka, Masaka, Kampala, Mukono. Hajawahi hata kufika Mwanza.

Sasa hapa ndipo mama yake anaingia.

Mama hana shida na mieleka. Ana shida na tope. Tarehe 3 Desemba 2023 mlima Hanang uliporomosha tope, mawe na magogo, vikashuka mpaka Katesh na vijiji kama Gendabi na Jorodom. Walikufa watu zaidi ya 80. Mmoja wao ni mdogo wake mama huyu, tumbo moja. Walimkuta baada ya siku mbili. Tangu hapo mvua ikinyesha usiku mama hukaa kitandani macho wazi. Halafu anakuja mwanawe na simu, anacheka, anamwonyesha watoto wa watu wanagaagaa topeni, mmoja kazama mpaka masikio.

"Zima hiyo," mama alisema. Hakugombeza. Alitoka nje akaenda kuangalia ng'ombe ambao walikuwa wameshaangaliwa.

Kijana hakuelewa mara moja. Vijana wengi hawaelewi mara moja.

Wakati huo yeye na wenzake watatu walikuwa na ulingo wao nyuma ya uwanja wa kupurura mahindi: miti minne, kamba za katani, na chini wamemwaga makapi ya ngano na maganda ya mahindi. Matope hawakuweka, si kwa sababu ya mama, ni kwa sababu kiangazi maji ya kumwaga ovyo hakuna, utapigwa na kijiji kizima. Kila Jumapili baada ya ibada watoto walikuwa wanajaa pale kuliko kwenye mpira. Refa alikuwa fundi cherehani, ana filimbi.

Na hapa turudi kwa wale wa "si wanaigiza tu". Ndiyo, mshindi anajulikana kabla. Hakuna siri hapo, wenyewe wanakiri. Ila kudondoka hakuigizwi. Mwanamieleka anajifunza kukunja kidevu ili kisogo kisigonge, kutandaza mikono ili uzito ugawanyike, kutua kwa mgongo mpana na si kwa kiwiko. Anayekurusha ndiye anayekulinda, kazi yake nusu ni kuhakikisha umefika chini mzima. Wale vijana wa Gehandu walijifunza hayo yote kwenye simu, bila mwalimu. Jumapili moja mwenzao akarushwa, akatua na bega. Kila mtu alisikia mlio. Watoto walishangilia, wakidhani ni sehemu ya onyesho.

Mama wa kijana alipopelekewa habari alisema neno moja ambalo mpaka leo linazunguka kijiweni: "Kama ni uongo, mbona bega la mtoto wa watu limevunjika kweli?"

Laki mbili na themanini ikaanza kupungua hapo. Gari ya kumpeleka hospitali, picha ya mfupa, dawa, chakula cha anayemuuguza. Hakuna aliyemlazimisha. Ni yeye aliyemrusha. Iliyobaki ilimaliziwa na mdogo wake wa kike, aliyechaguliwa kwenda form five. Ada ya serikali imefutwa, sawa, lakini godoro halijafutwa. Ndoo, sare, daftari, nauli. Mama hakuomba ile hela, maana hakujua kama ipo. Kijana aliiweka juu ya meza usiku, asubuhi mama akaikuta.

"Umeitoa wapi, mwanangu?"

"Ilikuwa ya Uganda, mama."

Mama alizihesabu mara mbili, akazifunga kwenye kona ya kanga. Hakusema asante siku ile. Jioni alimchinjia jogoo.

Wapo wanaosema ndoto iliishia hapo. Hao hawajui historia ya huu mchezo. Watu wanadhani mieleka ni ile ya viwanja vya watu elfu themanini na fataki, kumbe mashina yake yapo kwenye kumbi ndogo zenye viti vya plastiki. Mwaka 1997 huko Delaware, Marekani, kampuni ndogo ya mieleka inayoitwa ECWA ilianzisha mtoano wa kila mwaka, Super 8. Watu wanane, usiku mmoja, mapambano saba, unabaki mmoja. Basi. Mwaka 2001 fainali ilikuwa Low Ki na kijana mmoja mfupi aliyejiita American Dragon. Low Ki alishinda. Miezi kadhaa baadaye, California, wakakutana tena fainali ya mtoano mwingine, King of the Indies, safari hii American Dragon akalipa kisasi. Waliokuwa ukumbini hawakuwa wengi. Yule mfupi ndiye Bryan Danielson, aliyekuja kufunga usiku wa WrestleMania ya 30 akiwa bingwa wa dunia. Ndiyo, usiku uleule wa msiba wa Undertaker.

Mwingine mkubwa ni Battle of Los Angeles, ulioanza 2005. Kwa miaka mingi ulifanyika kwenye ukumbi wa wanajeshi wastaafu mtaa wa Reseda, joto humo mtu anatoka kalowa kama kaogelea. Kenny Omega aliuchukua 2009. Mwaka 2011 ulichukuliwa na El Generico, jamaa wa kinyago aliyetangazwa kwamba katoka Tijuana, Mexico. Katoka wapi! Ni Mkanada, wazazi wake Wasiria, na leo bila kinyago anaitwa Sami Zayn. Kofi Kingston naye alitangazwa Mjamaika mwanzoni wakati kazaliwa Ghana, mpaka baadaye wakaacha aseme kwao, na 2019 akatwaa ubingwa wa WWE. Kwa hiyo ukisikia mtu anaona aibu kujitambulisha ni wa Gehandu, mwambie dunia imeshapita huko.

Kijana alisoma hayo ya Super 8 usiku, bando likiwa linakata. Kilichomshika ni ile namba. Wanane. Yeye alikuwa anawaza nauli ya kwenda kwa Bumbash, kumbe Bumbash mwenyewe hakwenda popote, alichimbia mianzi kwao.

Alienda kwanza kwa mwenzake wa bega. Yule hawezi kupigana tena mwaka huu, ila kakubali kuwa mtangazaji, na mdomo anao. Halafu akaenda kwa mama, safari hii bila simu. Alimweleza kwamba ni baada ya mavuno, mara moja kwa mwaka, mchana kweupe, kiingilio debe la mahindi kwa familia au chochote ulichonacho, na atakayetaka kurusha mtu lazima kwanza aonyeshe kwamba anajua kudondoka.

"Na tope?" mama aliuliza.

"Makapi tu, mama. Tope halitakuwepo."

Mama akanyamaza kidogo, akauliza makapi yatakuwa magunia mangapi. Kijana akasema ishirini. Mama akasema hayatoshi, aongeze, na yapepetwe mawe kwanza.

Daftari analo, majina yako sita. Wawili wa Gehandu, mmoja wa Katesh, wawili wa Dongobesh, na msichana mmoja wa Haydom ambaye kaka zake bado hawajui. Wa saba kapiga simu juzi kutoka Bassotu, anauliza kama inaruhusiwa kuvaa kinyago. Kaambiwa inaruhusiwa. Wa nane bado.