Karatasi ndogo yenye herufi mbili

Februari 2024, vita vilipokaribia Sake, shangazi yangu alikimbia na wajukuu wanne, akafika kwetu Goma. Wiki ya pili akashikwa na homa, kiuno kinamuuma, tumbo linamuuma. Nikampeleka kwenye dispanseri ya mtaa.

Muuguzi hakumgusa sana. Aliandika vipimo vitano pamoja na ekografi, kisha akatupa karatasi ndogo yenye jina la labo, na chini yake herufi mbili za jina lake. «Muende pale tu. Matokeo ya kwingine siyakubali.»

Nilifikiri anatuhurumia. Tulipanda moto, tukapita mbele ya labo mbili njiani, tukalipa dola 35. Pesa hizo shangazi alizipata kwa kuuza simu yake na vitenge viwili, vitu pekee vya bei alivyotoka navyo. Binti wa mapokezi alifungua daftari, akanakili zile herufi mbili, akaandika kiasi mbele yake. Jioni binamu yangu, msukuma chukudu, alinicheka: «Kaka, wewe wa redio hujui? Ile ni komisyo. Mwisho wa juma anapita kuchukua.»

Jibu la labo lilikuwa tifoidi, jibu ambalo nusu ya mji tumeshawahi kupewa. Siku ya nne shangazi alizidiwa, tukamkimbiza hospitali kuu ya zone. Kule mganga alimuuliza maswali mengi, akampigapiga mgongoni, akaomba mkojo tu. Figo zilikuwa na maambukizi. Siku nne tulizipoteza tukimeza dawa za ugonjwa mwingine.

Najua hali ya wauguzi wetu. Wengi Serikali haiwalipi, wanaishi kwa kile mgonjwa anachoacha kwenye meza, na kuna miezi ambayo mgonjwa haachi kitu. Lakini komisyo haitoki mfukoni mwa mwenye labo. Imeshawekwa ndani ya bei, na anayeilipa ni yule aliyelala chini ya shitingi. Tena inageuza akili ya kazi: muuguzi haulizi tena mgonjwa anahitaji nini, anauliza nani anarudisha kiasi gani. Kanuni za kimataifa za Chama cha Madaktari Duniani, zilizopitishwa mara ya kwanza mwaka 1949, zinamkataza daktari kuacha faida yake mwenyewe iathiri uamuzi wake wa kazi.

Transferi ya kweli inajulikana. Kituo cha afya kinapeleka mgonjwa kwenye hospitali kuu ya zone yake, na karatasi inaeleza ameumwa nini, amepewa dawa gani, kwa nini anapelekwa. Ile yetu haikuwa na hata jina la shangazi. Ukipewa ya namna hiyo, mama, baba, uliza: kwa nini pale? Bei ni ngapi? Kipimo hicho hakifanyiki hospitali kuu? Ni haki yako kuuliza, hata kama umefika jana na huna ndugu mjini.

Sasa niseme na langu. Mwaka 2023, mtu wa kliniki moja alinifuata: «Watu wa kambi wanakuamini. Kila mgonjwa wa operesheni unayetuletea, tutakukumbuka.» Nilicheka, lakini namba yake nikaiweka. Baadaye mama mmoja wa kambi ya Bulengo aliniomba msaada, mtoto wake alikuwa na henia. Nikampeleka kwa yule mtu. Mtoto alipasuliwa, akapona. Mimi nikapewa dola 10, nikajiambia ni za usafiri. Kambini mashirika yalikuwa yanatibu bure, na sikumuuliza kama amepita kule kwanza. Deni la kliniki alilipa kwa miezi, akifua nguo za watu.

Shangazi aliponiuliza yule muuguzi alipata ngapi juu yake, nilishindwa kumtazama usoni.

Mwanzoni mwa 2025 kambi zikavunjwa, watu wakatawanyika, wengine Masisi, wengine Rutshuru. Yule mama alitoka upande wa Kitshanga. Nimeuliza kwa madereva wa njia ile mara tatu. Dola 10 zake ziko kwenye bahasha, ndani ya daftari langu la habari.