Mimi Ndiye Niliyefunga Simu ya Mama

Hii stori nimekaa nayo miezi miwili. Leo naiandika kwa sababu nikikaa nayo zaidi nitaanza kuisimulia ikiwa tamu kuliko ilivyokuwa.

Mimi huandika programu. Kama wewe ndiye "mtu wa kompyuta" wa kwenu, unajua maana yake. Runinga ya jirani ikikataa kushika chaneli, unaitwa. Shangazi akisahau nywila ya Facebook, ni wewe. Kuna mjomba anayetaka umtengenezee "kitu kama M-Pesa hivi, lakini kadogo," na malipo ni soda. Halafu kuna matangazo ya kazi yanayotafuta mtu anayeanza kabisa, lakini awe na uzoefu wa miaka mitatu. Na zile kampuni zinazokupa "kajaribio kadogo" ka kufanyia nyumbani, unakesha siku nne, halafu zinanyamaza.

Nililalamika hivyo miezi tisa nikitafuta kazi. Kwa hivyo mwaka jana nilipoipata, nyumbani kulikuwa na sherehe. Mama alinunua kilo mbili za nyama, akaita majirani, akawaambia ati sasa natengeneza simu. Nilijaribu kumwambia mama, hapana, sitengenezi simu, naandika tu programu zinazokaa ndani. Akanitazama vile mama hukutazama ukianza kujishusha mbele za watu. Nikanyamaza nikala nyama.

Kampuni yenyewe sitaitaja. Inauza simu kwa mkopo: unatoa amana, unaondoka na simu, halafu unalipa kidogo kidogo kila siku. Unaijua hiyo biashara. Ukisimama stendi yoyote ya matatu Nairobi utakuta mwavuli, meza, na kijana amevaa fulana ya kampuni akikuita "boss".

Mama alikuwa mteja kabla sijamaliza mwezi. Hakuniuliza. Alienda kwenye mwavuli kule Rongai akasema anataka simu ya kampuni ya msichana wake. Amana shilingi 2,500, halafu 60 kila siku kwa mwaka mzima. Hebu piga hesabu. 60 mara 365 ni 21,900. Ongeza amana, inakuwa 24,400. Simu hiyohiyo mjini ukienda na pesa taslimu ilikuwa 14,000. Nilijua hiyo hesabu vizuri, kwa sababu ukurasa unaoonyesha "shilingi 60 tu kwa siku" niliuandika mimi, na neno "tu" niliambiwa niliongeze.

Lakini mama hana 14,000 za kutoa mara moja. Ana 60 za kila jioni. Anapika chapati, maharagwe na chai, anapelekea watu wa mjengo. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi nyapara humtumia ujumbe WhatsApp: leo chapati 80, leo 110. Bila huo ujumbe hajui apime unga kiasi gani. Kwa hivyo simu kwake ni jiko la pili.

Sasa nikueleze vile simu ya mkopo hufungwa, kwa sababu wengi hudhani ni uchawi. Android, tangu toleo la 5.0 lililotoka 2014, ina cheo kinachoitwa mmiliki wa kifaa. Kiliwekwa kwa ajili ya ofisi zinazowapa wafanyakazi simu, ili ofisi iweze kuzisimamia kutoka mbali. Programu ikipewa hicho cheo wakati simu inawashwa mara ya kwanza, huwezi kuitoa kama unavyotoa mchezo uliokuchosha. Kampuni za mkopo zikaona hapo pana kazi. Kwa hivyo unapobeba simu yako ya mkopo mfukoni, ndani yake kuna mmiliki, na si wewe. Usiku seva inaangalia nani hajalipa, inatuma amri, na alfajiri unaamka unakuta skrini moja tu isiyotoka. Yetu ilisema: "Simu yako imefungwa kwa sababu hujalipa. Lipa sasa ili uendelee." Hayo maneno pia ni yangu. Niliyaandika siku yangu ya nne kazini na nilisifiwa kwamba ni mafupi na yanaeleweka.

Malipo nayo huja kupitia M-Pesa. Ukilipa, mfumo wa Safaricom unaoitwa Daraja, ambao wajenzi wa programu wameutumia tangu 2017, hutuma taarifa kwa seva ya kampuni: fulani amelipa kiasi fulani. Kazi ya seva yako ni kuwa macho na kuipokea. Ikiwa umelala, pesa imeshaingia kwenye akaunti ya kampuni, mteja ameshapata ujumbe wake wa M-Pesa, lakini kwenye vitabu vyako huyo mtu bado hajalipa. Dawa inajulikana. Unaandika kaprogramu ka kupitia taarifa ya malipo na kulinganisha na rekodi zako, kisha unarekebisha zilizopotea. Ni kazi ya siku mbili.

Najua ni siku mbili kwa sababu nilikuwa nimeipima. Wiki tatu kabla ya hiyo Ijumaa niliona hilo tobo, nikaandika tiketi, nikaipa jina "Malipo yanayopotea seva ikizimwa". Kwenye mkutano wa Jumatatu ikasomwa. Mkubwa wangu akauliza inawagusa watu wangapi. Nikasema wachache, ni wale tu wanaolipa zile dakika chache tunazozima seva kuweka toleo jipya. Akasema sawa, ni muhimu, lakini wiki hii tuna kitufe cha ofa ya Pasaka. Tiketi yangu ikashuka chini ya kitufe. Wiki iliyofuata ikashuka chini ya rangi ya kitufe. Mimi mwenyewe ndiye niliyebadilisha hiyo rangi, na sikusema neno. Ukiwa mpya kazini, na umekaa miezi tisa nje, hujui kupiga kelele. Unajua kusema "sawa, nimeelewa".

Ijumaa yenyewe, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikapigiwa na nambari nisiyoijua.

"Mami," sauti ikasema. Mama huniita mami, vile wamama wengi huku huwaita binti zao. "Niko na simu ya jirani. Yangu imeniandikia ati sijalipa."

"Ulilipa lini mama?"

"Jana. Kabla ya habari za saa tatu. Nililipa, nikaona ujumbe wa M-Pesa, nikaweka simu kwa chaji."

Nilikuwa kitandani. Nikaketi. Siku iliyotangulia, saa mbili na dakika arobaini usiku, mimi ndiye niliyezima seva kuweka toleo jipya. Lilikataa kusimama mara ya kwanza, nikarudia. Ilirudi saa mbili na dakika hamsini na moja. Nilikuwa nimefurahi hata nikajipikia indomie.

"Nimepigia hao watu wenu," mama akaendelea. "Wanasema niwatumie picha ya ujumbe wa M-Pesa. Mami, ujumbe uko ndani ya simu. Na simu imefungwa. Sasa nitoe wapi picha?"

Sikuwa na jibu. Ile kanuni ya kutuma picha niliwahi kuiona kwenye maelekezo ya huduma kwa wateja, na kila mtu ofisini aliisoma akaona iko sawa, kwa sababu sote tuliisoma kwenye simu ambazo hazijafungwa.

Unaweza kuuliza, si angetoa laini aweke kwenye simu nyingine? Alifanya hivyo. Jirani alimwazima mulika mwizi. Pesa zake zilikuwa salama kwenye laini, lakini ujumbe wa jana ulibaki kwenye simu. WhatsApp ilibaki kwenye simu. Nambari ya nyapara pia ilikuwa imehifadhiwa kwenye simu, kwa sababu siku hizi nani hukariri nambari? Alipofika mjengoni kwa miguu, saa mbili kasoro, nyapara alikuwa ameshaagiza kwa mwanamke mwingine. Alimwambia tu, "Mathe, nilikutafuta ukanyamaza."

Mimi saa hiyo nilikuwa ofisini, wa kwanza kufika. Nikafungua rekodi. Kweli, mama alikuwa ameandikwa hajalipa. Nikapakua taarifa ya malipo ya M-Pesa ya kampuni, nikaipanga kando ya rekodi zetu, nikatafuta zile dakika kumi na moja. Waliolipa na hawakuandikwa walikuwa 19.

Kwenye mfumo wetu kulikuwa na kitufe cha kufungulia simu moja moja. Ruhusa ya kukibonyeza ilikuwa ya watu wa fedha, lakini mimi kama mjenzi ningeweza. Nilibonyeza kwa mama. Sitadanganya kwamba nilianza kwa kuwafikiria wote. Nilimfungulia mamangu, nikakaa hapo nikitazama majina 18 yaliyobaki. Sikuwajua. Nilikuwa na nambari za akaunti na siku ambazo wamelipa mfululizo. Mmoja alikuwa na siku 212 bila kukosa hata moja, na asubuhi hiyo skrini yangu ilikuwa inamwambia hujalipa.

Mkubwa wangu alifika saa tatu. Nikampelekea orodha. Akaitazama, si mtu mbaya, akasema watu wa fedha wataishughulikia Jumatatu, wao hulinganisha malipo kila Jumatatu. Nikamwambia leo ni Ijumaa. Akasema, "Ni watu 18 kati ya maelfu."

Nikasema, "Walikuwa 19. Wa kumi na tisa ni mamangu, na nimeshamfungulia."

Alinyamaza kidogo. Nilidhani nafutwa. Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Si ungesema mapema ni mamako." Akapiga simu moja kwa watu wa fedha. Baada ya robo saa, simu zote 18 zilikuwa wazi.

Watu hudhani hapa ndipo stori inaisha vizuri. Lakini hiyo sentensi yake ndiyo nimekaa nayo miezi miwili. Kwamba kazi iliyokuwa ya Jumatatu iligeuka ya robo saa kwa sababu mmoja wao alikuwa na mtoto ndani ya ofisi. Wale 18 wengine pia ni mama za watu na watoto za watu, lakini watoto wao hawakai mezani kwetu. Kama mama asingekuwa na kile kiburi cha kununua "simu ya kampuni ya msichana wangu", ningefika ofisini saa tatu na nusu, ningekunywa chai, na wangekaa wamefungiwa hadi Jumatatu. Na kwenye mkutano ningesema toleo jipya lilienda poa.

Tukilalamika kuhusu hii kazi huwa tunalalamika kuhusu sisi. Mshahara, mikutano isiyoisha, kosa moja linalokula wikendi, kompyuta inayojisasisha katikati ya usaili. Yote kweli, na nitaendelea kulalamika. Lakini hakuna aliyenifundisha kulalamika kwa niaba ya mtu asiyekuwa chumbani. Darasani tulifundishwa kupanga orodha kwa haraka. Hatukufundishwa kusema mezani, "Huyu mtu amelipa, na sisi ndio tuliolala."

Wiki iliyofuata niliandika ile programu ya kulinganisha malipo. Ilichukua siku mbili na nusu. Nilibadilisha pia skrini. Sasa kuna kitufe kinachosema "Nimelipa tayari", na ukikibonyeza simu inafunguka wakati mfumo unatafuta pesa yako. Niliomba muda wa saa 24. Nikapewa saa sita. Nimekubali hizo sita, na tiketi ya kuomba zilizobaki iko juu ya orodha. Kila Jumatatu naisoma kwa sauti, na wameanza kuchoka nayo.

Mama nilimwambia ukweli. Ilinichukua wiki. Nilimwambia ni mimi niliyezima seva na ni mimi niliyeandika yale maneno. Alikuwa anakanda unga. Hakuacha kukanda.

"Yale ya ati sijalipa?"

"Ndiyo mama."

"Na hukujua kama nimelipa?"

"Sikujua."

"Sasa ungeandika hujui."

Basi. Hakusema kingine. Nyapara alirudi baada ya siku kumi hivi, kwa sababu chapati za yule mwingine zilikuwa ngumu. Mama bado analipa 60 zake kila jioni. Ila siku hizi akilipa anachukua kale kakitabu anakoandika madeni ya chapati, anaandika nambari ya malipo ya M-Pesa kwa kalamu, tarehe kando. Nilimwambia mama, hakuna haja tena, nimerekebisha.

"Najua umerekebisha, mami," akasema. "Lakini kitabu hakinifungii."