Nusu Saa Mbele ya Kasha la Herufi

Kupanga herufi kwa mkono ni kazi ya kurudia. Kila herufi ni kijipande cha risasi iliyochanganywa na bati na antimoni, kimo chake milimita 23 na kidogo, na sura yake imegeuzwa kama inavyoonekana kiooni. Mpanga herufi huokota kipande kimoja kimoja kutoka kashani, hukisimamisha katika kishikio cha chuma kilichomo mkononi mwake wa kushoto, na husoma mstari anaoupanga ukiwa kichwa chini. Ukurasa ukishachapwa, herufi hufutwa wino na kurudishwa kashani, kila moja katika kijumba chake, zingoje kazi ya kesho. Kupanga kulikuwa na heshima. Kurudisha kulidharauliwa, na jioni ilipofika wengi waliziacha kurasa mezani zimefungwa uzi, wakaenda zao.

Mpanga herufi mmoja aliianza kazi hiyo miaka ya 1960, katika kiwanda kimoja cha misheni kusini mwa Tanzania, akiwa ametoka shule ya kati na hana ufundi wowote. Viwanda vya misheni vilikuwa shule kubwa ya uchapaji nchini. Ndanda, Peramiho na Tabora kulichapwa vitabu vya sala, vitabu vya shule na magazeti, na vijana waliofundishwa katika viwanda vya aina hiyo walipata kazi hata mbali na misheni. Aliyojifunza kwa kuamriwa yalikuwa yale yale waliyojifunza wenzake. Yaliyomtofautisha yalitokana na karibu nusu saa ya jioni, baada ya kengele, aliyoitumia kurudisha herufi zake mwenyewe. Ni haki kusema kwamba alikuwa na nafasi ya kufanya hivyo: alilala bwenini, hatua chache kutoka kiwandani, ilhali wenzake wenye wake na mashamba walikuwa na safari ya miguu kabla ya giza.

Faida ya kwanza ilionekana asubuhi iliyofuata. Seti za herufi zilitoka Ulaya, na idadi ya kila herufi ilikuwa imepimwa kwa lugha za huko. Seti ya Kiingereza huja na e nyingi kuliko herufi nyingine yoyote, na k chache. Kiswahili hakifuati mizani hiyo. Herufi a ndiyo inayotumika zaidi, k na w zimo karibu katika kila sentensi kwa sababu ya viambishi, na alama ya ritifaa huisha mapema katika kitabu chochote kinachofundisha ufugaji wa ng'ombe. Kufikia saa nne asubuhi kijumba cha a kilikuwa kimekauka. Aliyeziacha herufi zake mezani jana alikaa akingoja, au alizunguka kuwaazima wenzake. Aliyezirudisha alikuwa bado anapanga. Mikono yake haikuwa myepesi kuliko ya wengine. Kasha lake lilikuwa limejaa.

Hapo ndipo penye tofauti kati ya juhudi ndogo inayomjenga mtu na saa za ziada za kawaida. Saa za ziada hulipwa na huisha: kazi iliyofanywa usiku hutoka kiwandani, na kesho huanzia pale pale ilipoanzia jana. Kurudisha herufi kuliipunguzia kesho uzito, na muda uliookolewa ukatumiwa kwa jambo jingine, ambalo nalo likaokoa muda wake. Wanaowahimiza vijana waongeze bidii bila kuwaeleza ni bidii ya namna gani huwapotezea nguvu. Mtu anaweza kuongeza saa mbili kila siku kwa miaka kumi na akabaki vile vile alivyokuwa.

Muda uliopatikana ulikwenda katika kuusoma muswada kabla ya kuupanga. Jambo hilo halikutakiwa na mtu. Kiwandani iliaminika kwamba mpanga herufi mzuri ni yule anayefuata muswada herufi kwa herufi, hata kama haelewi maana yake. Lakini Kiswahili humsumbua asiyesoma mbele. Kitenzi kimoja kama watakapowaletea hula sehemu kubwa ya mstari katika safu nyembamba ya gazeti, na mstari sharti ujae kutoka ukingo hadi ukingo. Asiyejua linalokuja hulazimika kutawanya maneno machache kwa mianya mipana, au kulikata neno mahali pasipofaa. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu, na m au n inayotangulia konsonanti huandamana na konsonanti hiyo. Kwa hiyo neno hukatwa nyu-mba, si nyum-ba. Wapangaji waliozoea vitabu vya Ulaya walikata nyum-ba kwa miaka, na wasomaji wakavumilia.

Kanuni hiyo ndiyo iliyofungua daftari lake. Kila neno lililotia shaka, ama kwa tahajia, ama kwa ngeli, ama kwa mahali pa kukatwa, liliandikwa mstari mmoja tu, kisha likatafutwa katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, iliyokuwa ofisini na ambayo ilikuwa haiguswi sana. Baadaye yaliongezwa makosa yaliyoonekana kwenye prufu, yaani kurasa za majaribio, zilizokwisha kusahihishwa. Prufu hizo zilikuwa zikitupwa baada ya marekebisho kuingizwa. Yeye aliziomba, za kwake na za wengine, akazipanga kwa aina ya makosa. Herufi n na u hubadilishana kwa urahisi zinaposomwa kichwa chini, na maneno kama nunua ni mtego. Makosa ya l na r yana hatari zaidi kwa sababu neno linalotokea huwa ni neno halali: mahali ikawa mahari, kura ikawa kula. Jicho linalosoma haraka hupita juu yake. Kuyajua makosa kabla hayajatokea ni elimu ambayo hakuna shule ya uchapaji iliyoitoa wakati ule, na ilikuwa imelala katika pipa la taka.

Mahitaji ya nchi nayo yalikuwa yakibadilika. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi, na mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mwaka 1973 kampeni ya afya ya Mtu ni Afya ikahitaji vijitabu kwa wingi. Viwanda vilijaa miswada iliyoandikwa na walimu, madaktari na mabwana shamba, kila mmoja na tahajia yake. Wasomaji wa prufu hawakutosha. Mwenye daftari alihamishiwa meza ya prufu bila mtihani, kwa sababu maswali aliyokuwa akiyaandika kwa penseli pembeni mwa miswada yalikuwa yale yale ambayo msomaji wa prufu angeyauliza siku mbili baadaye, risasi ikiwa imekwisha kupangwa. Kutoka meza hiyo alikwenda Dar es Salaam kuwa mhariri wa vitabu vya shule.

Ufundi wenyewe wa mikono haukudumu. Mashine ya laynotaipu, iliyoanza kufanya kazi New York mwaka 1886, ilimimina mstari mzima wa risasi iliyoyeyushwa, ambao uliyeyushwa tena baada ya kazi, kwa hiyo hapakuwa na cha kurudisha kashani. Hata mashine hiyo ilibeba mizani ya Kiingereza: safu ya kwanza ya vibonye vyake ni e, t, a, o, i, n, na k imewekwa katika safu ya nne, pamoja na q na j. Kisha ikaja ofseti, na baada yake kompyuta. Wepesi wa vidole uliopatikana kwa miaka mingi ukakosa soko. Kilichobaki na thamani ni kile ambacho hakuna aliyekilipia: kujua mahali neno linapokatika, na kutambua neno halali lililokaa mahali pasipo pake.

Kompyuta za kwanza kuingia katika chumba cha uhariri zilikuja na programu zilizokata maneno kwa kanuni za Kiingereza, na nyum-ba ikarudi kurasani. Mhariri huyo, akiwa karibu na kustaafu, aliandika upya kanuni za silabi zilizokuwa daftarini, zikatosha karatasi moja, na mtaalamu wa kompyuta akaziingiza katika mashine. Vijana wa chumba hicho walipewa nakala, pamoja na orodha ya jozi za l na r, na waliagizwa kuongeza mstari kila wanapokutana na jozi mpya.