Mburuzo wa Kasa Juani

Kasa hupanda kutaga kwenye fukwe za mashariki za kisiwa cha Juani, wilayani Mafia, upande unaotazama bahari kuu. Hupanda usiku, na kukipambazuka mchangani huwa pamebaki mburuzo mpana, mmoja wa kupanda na mmoja wa kushuka. Zamani mburuzo huo ulikuwa riziki ya aliyewahi kuuona. Wavuvi waliokuwa dago, yaani kambini, waliufuata hadi unapoishia, wakachomachoma mchanga kwa kijiti mpaka kikazama bila kugoma, wakafukua mayai mia na ushei, yenye ganda laini kama ngozi. Kasa aliyekutwa bado yuko juu alipinduliwa chali asiweze kwenda popote, kisha akachinjwa. Nyama yake ilikuwa kitoweo na mafuta yake dawa. Hakuna aliyejihisi mkosaji, maana watu walikuwa wachache na kasa wengi.

Desturi hiyo ni kongwe mno. Periplus, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, unakitaja kisiwa kiitwacho Menouthias ambako wenyeji walinasa kasa kwa mitego ya kusuka iliyotegwa mdomoni mwa mikondo. Wataalamu bado wanabishana kama kisiwa hicho ni Pemba, Unguja au Mafia. Lakini yeyote aliyekulia Mafia na kuona dema likisukwa hahitaji kuelezwa mtego huo ulifananaje.

Jambo lililowaamsha watu wa Mafia kuhusu bahari yao lilikuwa baruti. Hadi kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 vyombo kutoka nje, vingi vikitokea Dar es Salaam, vilikuwa vikija kulipua miamba iliyozunguka visiwa. Mlipuko mmoja huua samaki wakubwa na wachanga kwa pamoja, wengi wakazama bila kuokotwa, na huvunjavunja matumbawe yaliyojijenga kwa miaka mingi. Ghuba ya Chole na mwamba wa Tutia vilikuwa vimetengwa kisheria tangu miaka ya 1970, lakini kwenye karatasi tu. Hapakuwa na boti ya doria wala mtu wa kuiendesha. Waliopiga kelele walikuwa wavuvi wa ngalawa na wanawake wanaokwenda pwani maji yakipwa. Mwanaanthropolojia Christine Walley, aliyeishi kisiwani Chole miaka hiyo na baadaye kuandika kitabu Rough Waters, ameeleza jinsi wenyeji wengi walivyoipokea fikra ya hifadhi kwa matumaini hayo hasa: kwamba ingewafukuza wapiga baruti.

Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, Na. 29, ilipitishwa mwaka 1994, na mwaka uliofuata Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ikaanzishwa, ya kwanza ya aina yake nchini, yenye kilomita za mraba 822. Tofauti na hifadhi nyingi za wanyama za bara, vijiji vilibaki ndani ya mipaka na kuundiwa kamati zao. Hapo ndipo ugumu ulipoanzia. Bahari iligawanywa kanda: pengine pasivuliwe kabisa, pengine pavuliwe na wenyeji wenye vibali, tena bila juya. Aliyekuwa akiishi kwa kukokota juya aliona mkono uliokuja kumzuia mwenye baruti umemfikia na yeye. Baadhi ya wavuvi walibadilishiwa nyavu, wakapewa zenye macho makubwa. Jibondo, kisiwa cha mwamba kisichokuwa na shamba la maana, kiliipinga hifadhi kwa miaka mingi. Upinzani huo unastahili heshima. Watu wasio na kingine ila bahari wana haki ya kuuliza ni nani anayewafungia, na kwa ajili ya nani.

Kwa kasa, mabadiliko yalikuja mwaka 2001, ulipoanza mradi wa kuhifadhi kasa na nguva wa Mafia, uliokua na kuwa shirika la Sea Sense. Mradi uliwaendea wale wale waliojua kusoma mburuzo. Mwanakijiji anayekiona kiota na kutoa taarifa hulipwa kiasi, na mayai yakianguliwa salama huongezewa kulingana na idadi. Wapo waliosema huko ni kununua uadilifu. Hoja hiyo haina uzito: familia iliyoacha kula mayai imepoteza kitoweo, na fidia ndogo ni haki yake. Wizi wa viota ulishuka sana katika miaka michache tu.

Kazi yenyewe ni ya miguu. Mlinzi, ambaye ni mkazi wa kijiji, hupita ufukweni alfajiri kabla jua halijakausha alama. Kiota kilichotagwa mahali ambapo maji ya bamvua yatafika huhamishwa upesi: yai moja moja, bila kuligeuza, maana kiinitete kikishajishika kwenye ganda huweza kufa kikipinduliwa. Shimo jipya huchimbwa juu zaidi kwa kina kile kile, kisha tarehe huandikwa. Baada ya hapo husubiriwa karibu miezi 2. Kati ya Juni na Septemba wageni huvuka kwa mashua na kukatisha Juani kwa miguu ili kuwaona vifaranga wakitoka, na sehemu ya malipo yao hubaki kijijini.

Walio baharini nao wana sehemu yao. Jarife huua kasa na nguva wasiokusudiwa, na kasa aliyenaswa huzama kwa kukosa pumzi, kwa hiyo mvuvi anayezikagua nyavu zake mapema na kumfungua anafanya jambo ambalo askari yeyote wa hifadhi asingeweza kulifanya kwa niaba yake. Huko Kisiwa Panza, Pemba, wanakijiji wamekwenda mbali zaidi kwa pweza: hukubaliana wenyewe kufunga mwamba kwa miezi kadhaa, wakaulinda kwa zamu, kisha wakaufungua wakati wa bamvua, pweza wakiwa wamenenepa.

Siku chache baada ya vifaranga kutoka, mlinzi wa Juani hurudi kwenye kiota na kukifukua kwa mikono. Huhesabu maganda matupu na mayai viza, akaandika daftarini. Mara nyingine chini kabisa hukuta kifaranga mmoja au wawili bado hai, wamelemewa na mchanga au kunaswa na mizizi. Huwatoa, akawaweka kwenye mchanga mbichi hatua kadhaa kutoka majini, na kuwaacha waende wenyewe.